Gemu Niliyochagua Ili Mdomo Upumzike

Jumanne, saa tisa mchana. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imebaki ile ya kudondoka moja moja kwenye bati. Ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa na upepo wake unafika mpaka hapa kwenye meza yangu. Wateja wa samaki hakuna. Moto nimeuzima. Nimekaa kwenye kigoda nina furaha kubwa, na sababu ya furaha yenyewe siwezi kumwambia mtu.

Ndiyo maana naandika.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Nyamisi, Mama Bwire, nakaanga samaki hapa Musoma karibu na bajaji wanapoegesha. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika msinicheke sana, cheka kidogo tu. Hili daftari la mtandaoni alinifungulia Tabitha, mtoto wa mdogo wangu wa Bunda. Alisema, "Mama mkubwa, wewe maneno yako ni mengi, bora uyaandike yapate pa kukaa." Mtoto ana akili yule. Halafu ndiye niliyemponza.

Miezi miwili sijaandika humu. Niliona aibu. Leo aibu imepungua, ngoja niseme yote.

Mimi naongea. Mama yetu alikuwaga anasema wenzangu walizaliwa wakalia wakanyamaza, mimi nililia nikaunganisha. Mteja akija kuchukua sato mmoja anaondoka na sato na habari za mtaa mzima. Wengine nadhani wanafuata habari, samaki ni kisingizio. Na sikuwahi kuona ubaya, kwa sababu sisemagi uongo. Nasema kilichotokea. Nakiongezea chumvi kidogo, kama samaki.

Sasa Tabitha kachumbiwa Butiama. Kwenye ng'ombe za mahari kulikuwa na mmoja mzee. Mdogo wangu Nyabise, mama yake Tabitha, akanipigia kunieleza, mambo ya dada na dada, akasema tu, "Huyo mmoja kachoka kidogo." Basi. Saa hiyo hiyo nilikuwa namfungia mteja samaki kwenye gazeti, nikamwambia, "Butiama wametoa ng'ombe anatembea kama anasindikizwa." Mteja alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikafurahi kwamba amecheka. Huo ndio ugonjwa wangu, mtu akicheka naona kama nimelipwa.

Maneno yangu yalifika Butiama kabla ng'ombe hajatoka zizini.

Mzee wa kule, baba wa kijana, akasema kama ng'ombe wake anahitaji kusindikizwa basi abaki nyumbani, na wenzake wabaki naye. Mambo yakasimama. Wazee wetu wameenda Butiama mara mbili kuomba radhi kwa maneno ambayo hawakuyasema wao. Nyabise akanipigia, hakupiga kelele, ningependa angepiga kelele. Alisema, "Dada, wewe ni debe lililotoboka. Mtu anakutia maji Bunda yanamwagikia njia nzima. Mimi sikutii tena."

Na kweli hakunitia tena. Akawa akitaka kitu anampigia mume wangu. Mume wangu akipokea simu anatoka nje, nyumbani kwangu mwenyewe. Tabitha yeye nikimwandikia ananijibu "Shikamoo mama mkubwa" halafu kimya. Shikamoo peke yake, bila kitu nyuma yake, inauma kuliko tusi.

Wiki tatu zilizopita mume wangu akaropoka kwamba tarehe ya kwenda Butiama kupanga harusi imepatikana, wazee wamepatana. Na mzee wa kule katoa sharti moja. "Yule mama wa ng'ombe naye aje."

Nilikosa hamu ya kula. Nikajua kwamba siku hiyo nikifungua mdomo vibaya, harusi ya mtoto inavunjika kabisa na safari hii hakuna mzee wa kwenda kuniombea. Wiki tatu nilikuwa nazo za kujifunza kukaa na neno tumboni. Mtu wa miaka yangu.

Shida yangu ni mchana. Asubuhi nina wateja, jioni nina wateja. Mchana, saa nane mpaka saa kumi, hakuna mtu, na mbele yangu hapa kuna meza ya Mama Kulwa wa mitumba, ambaye ni mtu mzuri sana lakini anauliza. Yeye haulizi moja kwa moja. Anasema, "Leo umenuna," halafu anakunja shati taratibu, anasubiri. Mimi nikisubiriwa nasema.

Mume wangu, Baba Bwire, ni fundi baiskeli, mtu wa maneno matano kwa siku. Siku hiyo alitumia ya kesho pia. Alisema, "Wewe mikono ikifanya kazi mdomo nao unafanya. Tafuta kitu cha kushika macho. Cheza gemu kwenye simu kama watu wengine."

Nilicheka. Halafu nikafikiri. Halafu nikaanza.

Kwanza simu ilikataa, imejaa. Nikaangalia imejaa nini. Ilikuwa video za watu wanaogombana, picha za harusi za watu nisiowajua, sauti za magrupu, mtu kafumaniwa wapi, mchungaji gani kasema nini. Nilikuwa nimezihifadhi kama akiba ya dagaa. Nilifuta nusu saa nzima. Nyingine nilizitazama mara ya mwisho kwanza, siwezi kusema uongo.

Gemu ya kwanza ilikuwa ya bunduki. Kijana wa bajaji alisema hiyo ndiyo inachezwa na kila mtu. Unashushwa na ndege, mko wanne kwenye kundi, na mnasikiana sauti. Kusikia sauti za watu mimi nikawasalimia. Nikawauliza hamjambo, mnatoka wapi, mmekula? Mmoja akasema yuko Tabora. Nikamuuliza Tabora mvua zimeanza? Akaanza kunieleza, kumbe mchumba wake kamuacha juzi tu, ndiyo maana anacheza mchana kazini. Nikamwambia pole mwanangu, hebu nieleze vizuri. Wote wawili tukapigwa risasi tumesimama barabarani. Wale wengine wakasema, "Huyu mama nani kamuweka?" wakanitoa.

Lakini kilichonitisha siyo kutolewa. Nilipoweka simu chini, mguu wangu ulikuwa tayari umeelekea kwa Mama Kulwa kumpelekea habari za yule kijana wa Tabora na mchumba wake. Nikajishika. Nikasema hapana, Nyamisi, gemu ya kuongea kwako wewe ni kumtibu mlevi kilabuni. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa ya matofali ya rangi, unayapanga yanapotea. Hiyo huhitaji mtandao, uko peke yako. Nilicheza siku mbili nikaona kama nimefungiwa stoo. Hakuna mtu anayepita, hakuna mwenye kofia ya ajabu, hakuna hata wa kumtazama. Nikajua hapo kitu kuhusu mimi ambacho sikuwa nakijua. Mimi siwezi kukosa watu. Nataka watu wawepo. Ninachotaka ni wasinipe neno wala nisiwape.

Je, kuna gemu ya hivyo? Nilidhani haipo.

Ya tatu ilikuwa ya kujenga mji. Nzuri, ina nyumba, ina mashamba, nilifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili inaniambia nijiunge na ukoo. Nikajiunga. Kumbe ukoo una mkubwa wake, na kila asubuhi anaandika nani hajaleta mbao, nani hajaja vitani, akanitaja jina mbele ya watu. Nikasema mimi ukoo ninao tayari, na umeninunia, sihitaji wa pili. Nikatoka usiku huo bila kuaga. Nimelelewa vizuri, kuondoka bila kuaga kuliniuma, lakini nikiaga ningeeleza sababu, na sababu zangu zinakuwaga ndefu.

Ya nne ndiyo hii.

Hii ni ya ziwa. Jina lake lina maneno ya kigeni, mimi naiita ya ziwa, inatosha. Unapewa mtumbwi mdogo na ndoano. Unatoka, unavua, unarudi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, unauza, unaongeza mtumbwi. Na watu wengine wa kweli, wa nchi mbalimbali, wako ziwani hapo hapo na mitumbwi yao. Unawaona wakipita. Lakini hakuna sauti na hakuna kuandikiana, labda ukitaka mwenyewe uifungue kwenye mpangilio, na mimi sikufungua. Kuna kitufe cha kupunga mkono tu. Mtu anapita, anakupungia, unampungia, kila mtu na shughuli yake. Hakuna kundi, hakuna ukoo, hakuna wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Mteja akija unaiweka simu chini, mtumbwi unakusubiri, hauzami. Bando inakula kidogo sana.

Ni kama sokoni siku nzuri. Watu wengi, kila mtu na meza yake.

Na kuvua najua. Sisi tumezaliwa Kiriba, baba yetu alikuwa mvuvi. Samaki za humo zina majina yao, mimi nimezibadilisha. Yule mwenye sharubu ni mumi. Wale wadogo wa rangi rangi ni furu. Kuna mmoja mwenye mdomo mrefu, nikimwona nacheka, huyo ni domodomo kabisa, sijui nani kawapelekea picha yake.

Mpaka hapo ningeweza kusema nimechagua vizuri, nikaishia hapo. Lakini ngoja niwaambie nilivyocheza, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, na nikawa najivunia kosa lenyewe.

Kwetu, mtumbwi ukirudi, ukikuta mtu amesimama mwaloni humpiti mikono mitupu. Hata kama hakushika kamba kukuvuta. Unampa mboga, samaki mmoja, anaenda zake. Baba alikuwa hatazami ni nani. Mwalo ukiwa na watu sita, samaki sita zinatoka kwanza ndiyo anaanza kuhesabu za kwake. Mama alikuwaga analalamika, yeye anasema, "Mtu amesimama, nimpite kama mti?"

Basi na mimi nilipofika mwalo wa kwenye gemu nikakuta watu wamesimama. Wengine hawaendi popote, wamesimama tu wanatazama maji. Nikasema hawa wanasubiri mboga. Nikatafuta mpaka nikaona kitufe cha kumpa mtu kitu. Nikampa wa kwanza mumi, wa pili furu, nikagawa mpaka nikamaliza. Kila siku hivyo. Mwenzangu aliyeanza siku moja na mimi ana mtumbwi wa tanga, mimi bado nina kale kadogo. Sikujali. Nilikuwa naweka simu chini moyo umetulia, na saa kumi imefika, na Mama Kulwa sijamwambia kitu.

Kulikuwa na mmoja hasa, mzee mwenye kofia ya majani, anasimama mwisho kabisa wa gati. Huyo kila siku yupo. Sijawahi kumkosa. Nikasema huyu maskini hana mtumbwi kabisa, anakuja kila siku kuomba mboga. Nikawa namwekea mkubwa. Siku moja nikapata samaki wa dhahabu, yule ambaye simu inatetemeka na taa zinawaka, nadhani ni wa kununulia mtumbwi mkubwa. Nikamletea yeye. Simu ikaniuliza, je, una uhakika? Nikasema hilo ni swali la adabu tu, mtu ukimpa kitu kizuri lazima akuulize kweli? Nikabonyeza ndiyo.

Hakunipungia hata mkono. Nikasema huyu naye anajifunza kunyamaza kama mimi.

Halafu ikaja Jumamosi, siku ya Butiama.

Njia nzima sikusema. Nyabise alikaa mbele, mimi nyuma, na sikuuliza nani kashona nguo gani. Tulipofika mzee wa kule alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na kamba mkononi. Mrefu, mkavu, ana fimbo. Akasalimia wote, akanifikia mimi mwisho.

"Wewe ndiye Mama Bwire wa Musoma."

"Ndiyo mzee. Nilikosa."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi baada ya hapo. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, yalikuwa mazuri. Nikayaacha.

Akanitazama. Akaingia zizini akatoka na ng'ombe. Yule yule. Akanipa kamba. "Umesema anatembea kama anasindikizwa. Haya, msindikize. Mpeleke akanywe maji umrudishe."

Watu wote wametoka kuangalia. Wanaume, wanawake, upande wetu na upande wao. Nikashika kamba. Kutoka zizini mpaka kwenye maji siyo mbali, lakini siku hiyo ilikuwa mbali. Nilitembea na ng'ombe pembeni yangu, watu wanacheka nyuma, mtu mmoja anapiga vigelegele. Mwanamke wa upande wao akasema kwa sauti, "Sasa hapo nani anamsindikiza mwenzake?" Wakaanguka kicheko upya. Nilikuwa na jibu. Jibu langu lilikuwa tamu, lingewavunja mbavu wote pale, lilishafika kwenye meno. Nikalirudisha.

Ng'ombe akanywa. Nikamrudisha. Nikamkabidhi mzee kamba kwa mikono miwili.

Akasema, "Hujasema kitu."

Nikasema, "Sina la kusema, mzee."

Naye akacheka, mara ya kwanza. Akawaambia wazee, "Tukae, tuongee." Ng'ombe wakakubaliwa wote, na huyo akiwemo. Kuhusu mwendo wake, niliotembea naye mwenyewe, sitaandika hata neno moja. Msiniulize.

Baada ya chakula wanaume wakabaki na maongezi yao na wanawake wakahamia nyuma ya jiko. Hapo ndipo mahali pa hatari. Wanawake kumi na mbili wa koo mbili, wameshiba, wako kwenye mkeka, kila mmoja ana lake. Zamani ningekuwa katikati ya mkeka. Nikakaa pembeni, nikatoa simu, nikaenda ziwani.

Nikavua kidogo, nikarudi gati, nikaanza kugawa mboga. Nikasikia mtu kakaa ubavuni. Ni Tabitha. Anatazama simu yangu. Mimi nikaendelea. Nikamfikia mzee wa kofia.

"Mama mkubwa, huyo unampa nini?"

"Mboga. Huyu hana mtumbwi, maskini."

Tabitha akainama karibu. Akabonyeza yule mzee kwa kidole, akabonyeza tena. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mama mkubwa. Huyu siyo mtu."

"Siyo mtu ni nani?"

"Ni wa gemu. Wameweka tu, kama sanamu. Kila anayecheza anamwona hapo hapo. Hali samaki. Umempa wangapi?"

Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Nikamwambia na wa dhahabu.

Tabitha alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Wanawake wakageuka wakauliza nini, yeye anajaribu kueleza anashindwa, ananionyesha kidole tu. Nyabise akaja, akaichukua simu, akamtazama mzee wa kofia muda mrefu. Nilidhani atanisema. Akasema, "Baba alikuwaga anampa mboga yule bubu wa mwaloni Kiriba. Watu wakamwambia huyo hata asante hasemi. Unakumbuka alijibu nini?"

Nikasema, "Nakumbuka."

Tukaangaliana. Miezi miwili hatujaangaliana. Akanirudishia simu, akaenda kuosha vyombo.

Tabitha akabaki. Akanionyesha kitu ambacho mimi sikukiona. Pembeni ya mtumbwi wangu kwenye gemu kuna sanduku dogo, nilidhani ni pambo. Akalifungua. Lilikuwa limejaa mbao, nyavu, na makasia mawili. "Hivi umeletewa na watu," akasema. "Wale wa kweli, uliowapa samaki. Wamekuwekea kimya kimya. Ukiunganisha hizi mbao unapata mtumbwi mkubwa." Kumbe wengine walikuwa watu. Walikuwa wanarudisha, bila neno, na mimi sijui.

Sijui kwa nini hapo machozi yalinitoka. Ni gemu tu.

Tabitha akawa anachezea pindo la kitenge chake. Halafu akasema taratibu, na macho yake yako kwa mama yake kule kwenye vyombo.

"Mama mkubwa, nikikuambia kitu. Hata mama hajui."

Nikataka kumwambia usiniambie. Kweli kabisa, nilitaka. Nikaziba simu kwa kiganja, kana kwamba na yule mzee wa kofia asisikie. Nikasema, "Sema, mwanangu."

Akaniambia.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo Jumanne.

Jumapili kanisani nilikaa nalo. Niliimba kwa nguvu kuliko siku zote, watu wakadhani nimeguswa na Roho.

Jumatatu asubuhi akapiga simu Nyabise. Mimi, siyo mume wangu. Simu yangu mimi ikalia, nikaona jina lake, nikapokea na mikono yenye mafuta. Akanisalimia vizuri, akauliza ya samaki, akauliza ya mvua. Halafu akasema, "Juzi niliwaona mmekaa na Tabitha muda mrefu. Alikuwa anakuambia nini?"

Jamani, huyu ni mdogo wangu. Nimemsubiri miezi miwili anipigie. Ningeweza kumrudisha kwangu kabisa kwa sentensi moja.

Nikasema, "Alikuwa ananifundisha gemu."

"Gemu tu?"

"Mengine utamuuliza yeye."

Nikasikia kuku wake kule Bunda. Halafu akasema, "Dada. Miaka yote hii. Unajifunza kunyamaza siku ninayotaka kujua mimi?"

Tukacheka, yeye kule, mimi huku. Lakini hakukata simu. Akakaa kidogo, halafu akanieleza jambo lake yeye mwenyewe, dogo, la nyumbani kwake, kama alivyokuwaga zamani. Kanitia tena maji kwenye debe. Kidogo, chini kabisa, aone kama yanavuja.

Na leo asubuhi Mama Kulwa akakunja shati taratibu. "Leo unang'aa," akasema. Akasubiri. Akakunja la pili, akasubiri. Akakunja mzigo mzima. Mimi nikafungua simu nikatoka na mtumbwi wangu mpya, una tanga jekundu, nikampungia mkono mtu mmoja sijui wa nchi gani. Mama Kulwa akasema nimebadilika siku hizi, sina raha. Nikamwambia raha ninayo. Ningeweza kumwonyesha ilivyo kubwa, asingeamini.

Mkitaka gemu nanyi, watu wa mdomo kama mimi, nisikilizeni mimi niliyehangaika. Msitafute ya kuongea, mtazidiwa. Msitafute ya peke yako kabisa, mtakimbia. Tafuteni ile ambayo watu wanapita, unawaona, wanakuona, na hakuna anayekudai neno. Na mzee wa kofia mpeni mboga. Najua siyo mtu. Mimi bado nampa, ila wadogo.

Mnaosoma hapa najua mmesubiri mpaka chini hivi niandike la Tabitha. Najua, kwa sababu mimi ningesubiri. Nimeshaanza mara mbili kuandika "si kitu kibaya, si hiki wala si kile," nikafuta. Mimi ni mkongwe kwenye kazi hii. Mtu akikuambia si hiki wala si kile, anakuachia kimoja.

Mvua imekata. Kuna mtu anakuja na mwavuli, atataka sangara. Nawasha moto.

Jambo la mtoto liko hapa ndani, limekaa kama mumi mkubwa kwenye ndoo ndogo, linapiga mkia mchana kutwa. Kifuniko nimekikalia mwenyewe, na mimi siyo mwepesi. Kesho nikiamka nitakikalia tena.